Maabara inasema maji ni sawa, mbona kijito hakina viumbe?

Jirani_wa_Mto
Habari wadau. Kijito kinachopita nyuma ya nyumba zetu, hapa chini kikishatoka Msitu wa Karura jijini Nairobi, kimebadilika. Miti ya ukingoni imekatwa, maji taka yanaingia sehemu mbili, vyura na kereng'ende hawaonekani, mbu wamejaa. Sampuli ilichukuliwa saa nane mchana na maabara ikasema oksijeni inatosha. Wakazi wanataka ushahidi. Tupime nini bila gharama kubwa?

Oksijeni_Kwanza
Saa nane ndiyo iliyowapoteza. Jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni kwa wingi. Usiku mwani huohuo, pamoja na bakteria wanaoozesha uchafu, huivuta, na kiwango hufika chini kabisa karibu na mapambazuko. Pimeni saa kumi na moja alfajiri.

Nairobi iko juu pia, karibu mita 1,700. Maji ya nyuzi 20 huku hubeba kama miligramu 7.4 za oksijeni kwa lita. Mombasa yangebeba 9.1. Yakipata joto la nyuzi 25 kwa kukosa kivuli, hubaki kama 6.7. Samaki wengi hutaabika chini ya 5. Kwa hiyo miti ilipokatwa, akiba ilipungua hata kabla ya uchafu.

Kuhusu mbu: viluwiluwi wa Culex (jamii ya mbu) hupumua hewa ya juu kwa mrija ulio mkiani, maji yakikosa oksijeni hawajali. Tunutu wa kereng'ende na samaki, ambao huwala, hupumua ndani ya maji. Walaji wakifa, mbu wanabaki na kijito chote.

Wavu_na_Karai
Tumieni miniSASS, kipimo cha afya ya mto kwa kuangalia viumbe wadogo waliomo, kilichoanzia Afrika Kusini. Wavu wa matundu ya milimita 1, karai jeupe, gambuti na glavu. Vurugeni mawe na majani kwa miguu dakika 5, wavu ukiwa upande maji yanakoelekea. Kila kundi lina alama: minyoo 2, ruba 2, nzi na funza wao 2, konokono 4, kaa 6, kereng'ende wakubwa 6, funza wanaojijengea vibanda vya mchanga 9. Jumlisheni, mgawanye kwa idadi ya makundi.

Mkipata minyoo, ruba, funza wekundu na konokono, ni 10 kwa 4, yaani 2.5. Kwenye mto wa mawe, chini ya 5.3 ni hali mbaya sana. Juu ya 7.2 ni mto ambao haujaguswa. Rudieni ndani ya Karura, kabla kijito hakijafika maji taka yanapoingia. Tofauti ya sehemu hizo mbili ndiyo ushahidi wenu, kwa sababu wadudu hawa hukaa majini wiki hata miezi na hawadanganywi na saa nane mchana.

Makosa ninayoyaona sana: kuhesabu wadudu mmoja mmoja (mmoja anatosha kwa kundi lake), na kupima mara tu baada ya mvua kubwa, wakati mafuriko yamewazoa wote. Kwenye bwawa kipimo hiki hakifai.

Oksijeni_Kwanza
Ongezeni mifuko ya majani. Gramu 5 za majani makavu ya mukinduri (mti wa jamii ya Croton) kwenye mfuko wa matundu ya milimita 5, na 5 nyingine kwenye matundu ya nusu milimita, ambayo wadudu hawapiti. Ifungeni majini wiki 4, kisha mkaushe majani na mpime uzito. Mifuko yote miwili ikipungua sawasawa, wadudu wanaokula majani hawapo tena. Msitumie mkaratusi: mafuta yake huchelewesha kuoza na yatawachanganya.