Tupeane uzoefu: tunaohudumia wazee wodini, ni mgonjwa gani aliyekufundisha kazi?

Mhudumu wa Chumbageni

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya hapa Tanga mjini, wodi ya wanaume, huu mwaka wa 9. Kazi yangu ni kutandika, kuogesha, kulisha, kubeba beseni la choo na kusukuma mgonjwa kwenda eksirei. Wengi tunaowapokea ni wazee walioishiwa nguvu, wengine hata kugeuka kitandani hawawezi. Naomba tuelezane yaliyotukuta, hasa sisi tusioandika kwenye faili. Naanza.

Mwaka wangu wa kwanza aliletwa mzee mmoja, ujana wake wote aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama gome la mti. Siku ya tatu akaacha kula. Ukimsogezea kijiko anageukia ukutani, mkono mdomoni. Nikamwambia sista, tena mzee anasikia, "Huyu babu ni mkaidi." Ikaandikwa kwamba anakataa chakula, na siku mbili nzima tukaenda hivyo.

Akaja mjukuu wake kumwona, akauliza, "Meno ya babu yako wapi?"

Hakuna aliyejua kama ana meno ya bandia. Aliyavua usiku, akayafunga kwenye pindo la shuka, na asubuhi mimi mwenyewe nikaikunja ile shuka nikaipeleka kufuliwa. Mzee aliona haya kuonekana kibogoyo, ndiyo maana alikuwa anaziba mdomo. Meno hayakupatikana. Mchana ule tukampa uji mzito wa mchele, na jioni ndizi za kupondwa kwa mchuzi wa samaki uliochujwa miiba. Akamaliza bakuli. Nilimwomba radhi, akanishika mkono bila kusema neno. Jambo lile linaniuma mpaka leo.

Sasa mgonjwa akifika, baada ya shikamoo swali langu la kwanza ni miwani, meno na fimbo viko wapi. Meno yanakaa kwenye kikombe chenye jina lake.

Binti Pangani

Pole mwenzangu, na asante kwa kusema ukweli. Mimi niko wodi ya wanawake.

Tulikuwa na bibi mmoja mpole, msemaji mzuri, kila asubuhi ananiombea dua. Jioni moja, magharibi inaingia, akaanza kuzungumza na marehemu dada yake, anavuta shuka, anataka kushuka kitandani. Mtu mwingine kabisa. Watoto wake wakasema mama kapandwa na majini, wakataka kumtoa usiku uleule wampeleke kwa mganga. Sikubishana nao, imani ya mtu naiheshimu. Niliwaomba wanisubiri kidogo tu.

Kilichonishtua ni makintoshi, ile shuka ya mpira ya kukinga godoro na mkojo. Nilikuwa nimemtandikia tangu asubuhi na ilikuwa kavu, ilhali chai alikunywa, maji alikunywa. Nikamgusa chini ya kitovu. Pagumu, pamevimba kama mpira uliojazwa upepo, na akakunja uso. Nikamkimbilia sista. Akawekewa mpira wa mkojo, ikatoka zaidi ya lita moja. Kupima wakakuta maambukizi ya mkojo, akaanzishiwa dawa. Usiku ule alilala. Kesho yake bado alikuwa anachanganya maneno, siku ya tatu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani na kwetu Pangani ni upande gani.

Ndugu zangu, mzee akibadilika akili ghafla msiseme ni uzee. Uzee hauingii kwa usiku mmoja. Inaweza kuwa maambukizi, mkojo uliokwama, choo kilichofunga siku nyingi, kukosa maji, maumivu, au dawa mpya aliyoanza. Na yupo anayebadilika kimyakimya: analala kutwa, haiti mtu, chakula chake kinapoa. Tunamsifu kuwa mtulivu, na mimi huyo ndiye namwogopa zaidi. Hakuna anayemkimbilia.

Mjukuu wa Muheza

Samahanini, mimi si mfanyakazi wa afya. Bibi yangu ametoka hospitali juzi, kiharusi kimempoozesha upande mmoja. Tumempa chumba cha mbele, yuko chali muda wote, ndivyo anavyosema anapata raha. Je, ni sawa?

Sista Mstaafu

Mwanangu, si sawa. Nimefanya kazi hii miaka 31 na vidonda vya kulalia nimeviona vikianza na siku moja tu ya kusahauliwa.

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kwa zamu: chali, kulia, kushoto. Akilala upande asikae juu ya mfupa wa nyonga moja kwa moja, mwekeeni mto mgongoni alale mshazari. Visigino visiguse godoro kabisa. Mto uwe chini ya shavu la mguu, kisigino kining'inie hewani. Zamani tulikuwa tunajaza maji kwenye glavu na kuziweka chini ya visigino. Acheni hiyo, haisaidii. Wala msimkokote juu ya shuka, ngozi ya mzee huchubuka upesi. Simameni wawili, mkunje shuka pande mbili, mmnyanyue nayo.

Na hili nalisisitiza kwa sababu vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tumia nyuma ya kiganja. Gusa mkiani, yaani mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, visigino, na nyuma ya masikio kama analalia upande. Pakiwa na joto kuliko jirani yake, pagumu, pamezidi weusi au panang'aa, hapo pameanza. Usipakande wala kupasugua. Mtoe pale, asipalalie tena.

Zamu ya Usiku

Mimi ni mwanaume na bibi zetu wengi hawataki niwaogeshe, nami nawaelewa. Nikiwa peke yangu nashika kanga kama pazia, ndugu yake wa kike anapangusa, mimi natoa maji tu.

Ila mgonjwa wangu ni mzee mmoja aliyefanya kazi reli. Kila saa nane usiku anaamka, anauliza garimoshi limefika wapi. Nilikuwa namwambia, "Babu, hapa hospitali, lala." Anakasirika, anashusha miguu, mara moja nusura aanguke. Mama mmoja wa Kisambaa, tuko naye zamu, akamjibu taratibu, "Ndiyo kwanza Muheza, baba." Mzee akasema, "Tukifika Korogwe niamshe." Akajifunika.

Najua wapo watakaoona ni kumdanganya mzee. Mimi naona alijibiwa pale alipokuwa. Baadaye nikagundua kinachomwamsha ni mkojo, sasa nampelekea kopo saa saba na nusu, kabla hajaanza kuhangaika. Kuamka kumepungua sana.

Mhudumu wa Chumbageni

Nimesoma yote taratibu. Hilo la kopo kabla hajaamka naanza nalo kesho, nina wawili wa namna hiyo.

Mjukuu wa Muheza

Nimetoka kumgusa bibi sasa hivi kama alivyoeleza Sista. Kisigino cha kushoto kina joto kuliko cha kulia, na ukibonyeza ni kigumu. Nimeweka mto chini ya shavu la mguu, nimemgeuza upande wa kulia. Analalamika kidogo.

Sista Mstaafu

Umefanya vizuri, mwanangu. Mwambie pole na umweleze kwa nini. Saa mbili zikiisha mrudishe, na asubuhi mpeleke kituo cha afya wakaangalie hicho kisigino. Amekunywa maji leo?

Mjukuu wa Muheza

Chai ya asubuhi tu, Sista. Naenda kumpa sasa.