60B ya Minnesota, alikoanzia Ilhan Omar

Wakuu naomba kueleweshwa, hii 60B, eneo la uchaguzi la bunge la jimbo la Minnesota kule Marekani, aliyoanzia Ilhan Omar kabla ya kwenda Kongresi ni eneo gani, na hiyo B inatoka wapi?

— Ni Minneapolis mkuu, Cedar-Riverside na maeneo ya chuo kikuu. Minnesota wana maeneo 67 ya seneti, kila moja linakatwa A na B, ndo unapata wabunge 134.

— Msimsahau Phyllis Kahn jamani, aliyekuwa na kiti hicho kabla ya Ilhan, yule mama kashinda 1972 akakaa bungeni miaka 44! 2014 Mohamud Noor alijaribu kumng'oa, Noor akashindwa, 2016 wakaingia wote watatu kwenye mchujo wa DFL (chama cha Democratic cha Minnesota) ndo Ilhan akawapiku, mtu aliyepitia kambi ya wakimbizi hapa Kenya, mi najivunia sana.

— Na 2018 kiti kikachukuliwa na Noor huyohuyo.