Mrejesho: bodi ya ushauri iliyotaka kusaini hundi

Ndugu zangu, niliuliza nifanyeje: bodi ya ushauri ya shirika letu la mikoko hapa Bagamoyo ilitaka kusaini hundi na kumwondoa mratibu. Mkanirudisha kwenye katiba ya shirika. Asanteni sana.

Jumamosi tulikaa barazani. Mzee mmoja wa bodi hiyo akavaa miwani, akakisoma kifungu mwenyewe, mara mbili: bodi hiyo inashauri tu, uamuzi ni wa kamati tendaji na mkutano mkuu. Akanyamaza. "Mbona hamkutuambia kazi yetu tangu mwanzo?"

Iliniuma, maana ni kweli. Sasa tumewaandikia hadidu za rejea, yaani kazi yao na mipaka yake. Taarifa ya mwaka inayotakiwa na Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali kwa Sheria ya mashirika hayo ya 2002, wataipitia kabla haijapelekwa. Hundi zimebaki kwa mwenyekiti na mweka hazina.