Fomu za mgongano wa maslahi ni danganya toto, tusidanganyane

Wakuu, kila mwanasiasa akibanwa kuhusu ukaribu wake na bosi wa kampuni kubwa, jibu ni lilelile: ni rafiki yangu tu, na kila kitu nimeshakitamka kwenye fomu. Haya, tuangalie hicho kinachotamkwa.

Marekani, sheria ya STOCK ya 2012 inampa mbunge hadi siku 45 kutangaza hisa alizonunua au kuuza. Akipitisha muda, faini ya kuanzia ni dola 200. Kiasi kamili hakitaji, anataja fungu tu: dola 1,001 hadi 15,000, halafu 15,001 hadi 50,000, na kuendelea. Mwananchi akiiona fomu, bei imeshapanda na watu wameshavuna.

Uingereza ndiko kwenye kichekesho. Mawaziri huchapisha vikao vyao na watu wa nje, lakini safu ya lengo la kikao utakuta imeandikwa maneno mawili matatu yasiyokuambia kitu. Meseji za simu hazimo. Waziri mkuu David Cameron aliondoka madarakani Julai 2016, akazuiwa miaka miwili kushawishi serikali. Agosti 2018 huyo, mshauri wa Greensill, kampuni ya fedha! Mwaka 2020 akawa anamtumia meseji waziri wa fedha, Rishi Sunak, akitaka kampuni iingizwe kwenye mikopo ya dharura ya korona. Ombi lilikataliwa, ndiyo, lakini wewe namba ya waziri unayo? Na sheria hakuvunja: rejista ya washawishi inawahusu mawakala wa kukodiwa, yeye alikuwa mwajiriwa. Tumeyajua haya baada ya kampuni kufilisika Machi 2021. Ingekuwa inapata faida, mngesikia wapi?

Schröder wa Ujerumani hata kusubiri hakusubiri. Aliupigia debe mradi wa bomba la gesi la Nord Stream akiwa kansela, akatoka Novemba 2005, na Desemba akakubali cheo kwenye mradi huohuo. Barroso, aliyekuwa rais wa Tume ya Ulaya, naye alingoja miezi 18 ya kusubiri iliyowekwa na kanuni za Tume iishe, akaenda benki ya Goldman Sachs 2016. Kungoja kwenyewe ni kuhesabu siku tu, simu za watu anazo zilezile.

Kwenye umiliki ndipo wanapotumaliza kabisa. Nchi nyingi mmiliki halisi wa kampuni anaandikwa kwenye rejista akiwa na ZAIDI ya asilimia 25 ya hisa. Basi gawa hisa kwa watu wanne, mke, shemeji, wakili, rafiki, kila mmoja 25 kamili. Kwa kigezo cha hisa hakuna hata mmoja anayeandikwa, mpaka uthibitishe kwamba wana makubaliano ya pamoja. Utayathibitishaje na mkataba uko kabatini kwa wakili?

Kwa anayetaka kuwafuatilia: weka tarehe za vikao, za michango ya chama na za zabuni kwenye jedwali moja, upange kwa tarehe. Tafuta kwa namba ya usajili ya kampuni, maana majina hubadilishwa. Kisha angalia wakurugenzi waliojiuzulu muda mfupi kabla ya zabuni kutangazwa.

Meseji ziingie kwenye rejista, kizingiti cha asilimia 25 kishuke, faini iwe asilimia ya thamani ya hisa. Anayeona dola 200 zinamtisha mbunge aje na hoja hapa, matusi aache huko huko.