Tupeane uzoefu: kocha mpya alipoingia, wewe ulikuwa wapi?

Mtu wa Langoni:
Assalamu alaikum jamaa, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo. Jana baada ya isha tulikuwa tumekaa gatini, mmoja akauliza Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya mpira hapa Kenya, wameanza upya mara ngapi tangu azaliwe. Akahesabu makocha kwa vidole, vidole vikamwishia, akavua viatu. Nikaona mjadala huu nihamishie huku.

Sitaki uchambuzi wa 4-3-3, wachambuzi tunao wa kutosha. Nataka kujua kocha mpya alipoingia ulikuwa wapi na uliona nini kwa macho yako. Iwe timu ya taifa, iwe ya mtaa wenu.

Naanza mimi. Machi 2025, Benni McCarthy ndiyo kwanza kapewa timu. Mechi yake ya kwanza, ya kufuzu Kombe la Dunia, ni ugenini na Gambia, na ugenini kwenyewe si Banjul, ni Abidjan. Ilikuwa Ramadhani. Tukatoka tarawehe, tukapitia viazi karai, tukaingia banda la mpira. Mwenye banda ana desturi yake: Stars wakicheza anatoza nusu bei, eti dhamiri haimruhusu kumuuzia mtu machungu kwa bei kamili. Usiku ule tulikuwa watu kumi na wanne kwenye viti thelathini.

Mohammed Bajaber alipofunga, mzee mmoja aliyekuwa amesinzia kwenye kona akazinduka. "Nani huyo? Bajaber? Bajaber wa nyumba gani?" Hakuna aliyejua. Mzee hakusinzia tena, akawa anamfuatilia kijana kama anayetafuta sura ya mtu anayemdai. Wilson Lenkupae akasawazisha dakika za nyongeza, 3-3, tukatoka tukipiga makelele hadi punda waliolala njiani wakasimama. Siku tatu baadaye Gabon wakaja Nyayo, Aubameyang akatutia mawili, tukalala 2-1. Habari ya Kombe la Dunia ikaishia hapo. Lakini ile sare ya Abidjan mimi bado naila.

Mpwani Nairobi:
Sare unaila miezi yote hiyo? Hiyo ni sare au kaimati?

Babu wa Pate:
Wanangu, nyinyi mwaanza hesabu 2025. Mimi naanza 1987, Mjerumani Reinhard Fabisch. Nilikuwa Siyu, kijana, najifunza kazi ya ngozi kwa ami yangu. Redio ilikuwa moja, ya ami, na betri zilikuwa zimechoka, kwa hiyo tangu asubuhi tulizianika juani juu ya kuta zipate nguvu ya jioni. Vijana wa leo hawajui kuwa betri huanikwa kama papa. Michezo ya Afrika ilikuwa Kasarani, Stars wamefika fainali na Misri. Sauti ya Kenya inapanda, inashuka. Ami alikuwa anagonga visigino vya makubadhi, na kila mpira ukikaribia goli la Misri, nyundo inasimama hewani. Tukafungwa 1-0. Ami akaitua ile nyundo, hakusema neno, akazitoa betri kwenye redio akazitia mfukoni.

Fabisch akaondoka. Miaka ya tisini akarudi. Akaondoka. 2001 akarudi tena. Sasa niambieni, mkeo ukimwacha ukamrejea mara mbili, hiyo nayo mwaita ndoa mpya?

Bi Mkubwa wa Mkomani:
Babu, shikamoo. Kwa mfano huo wako nitakuja na wangu.

Mwaka 2021 aliletwa Engin Firat, Mturuki. Mechi yake ya kwanza, Oktoba, Mali walitupiga 5-0 kule Agadir. Mume wangu alizima runinga akatoka kukaa barazani, na chai akaikataa. Haikupita muda, Februari 2022, FIFA wakatufungia kwa sababu serikali imeliingilia shirikisho. Kocha mpya yupo, mechi hakuna. Jioni moja binti yangu akamuuliza babake, "Stars mbona hawatoki?" Akamjibu, "Wako edani." Nikamwambia shekhe, eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Hawa wamekaa Februari mpaka mwisho wa Novemba, miezi tisa na siku chache. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi watakuwa na mimba."

Kilichozaliwa sijakijua mpaka leo. Ingawa Septemba 2023 waliwafunga Qatar 2-1 kwao Doha, na siku hiyo chai aliinywa, vikombe viwili.

Mtu wa Langoni:
Bi Mkubwa umetumaliza.

Malindi Maweni:
Mwaka 2004 Jacob Mulee, Ghost, ndiye aliyetupeleka Tunisia. Mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye hoteli moja hapa Malindi iliyojaa Waitaliano. Mali walitufunga 3-1, Senegal 3-0, tukawa tumebakiwa na Burkina Faso. Mpishi mkuu alikuwa na runinga ndogo ya mkebe juu ya jokofu, aeriali yake ni uma. Ake akafunga, Oliech akafunga, Baraza akafunga. 3-0! Ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali za Afrika tangu tuanze kwenda mwaka 1972. Jikoni sufuria ziligongwa kama ngoma ya arusi, mpaka mgeni mmoja akaja mlangoni kuuliza, kwa Kiswahili chake cha ufukweni, tumechukua kombe gani.

Nikamwambia hatujachukua kombe. Tumeshatolewa.

Akanitazama, akasema "bravo" hivi polepole, akarudi mezani kwake. Nadhani alidhani sisi ni wagonjwa.

Kipa wa Zamani:
Yangu ni ya timu ya mtaa. Itakuwa ndefu, mnistahimili.

Tulikuwa na timu yetu hapa Amu, timu ya maskani, mazoezi yetu tukifanyia Twaif tukiupata uwanja. Nahodha alikuwa nahodha kwa sababu mjombake ndiye aliyetununulia jezi. Hakuna aliyehoji, na si kwamba alikuwa mbaya. Ikaja siku mjomba akachoka na vipigo, akatuletea kocha: mwalimu wa kutoka bara, amehamishiwa shule moja ya huku, ana cheti cha ukocha kwenye bahasha ya kaki. Siku ya kwanza alitukusanya alfajiri ufukweni, maji yamekupwa, akatukimbiza hadi Shela na kurudi. Wawili walitapika. Akafungua daftari akasema, "Namba zote ziko wazi. Sijui nani ni nani." Nahodha wetu akacheka. Wiki ya pili yuko benchi.

Mimi nilibaki golini, lakini kwa miezi miwili kila krosi alinitaka nitoke. Nilizoea kungoja mpira unifuate. Ukisikia kocha kaleta falsafa mpya, jua kuna kipa mahali anaadhirika.

Basi tukapata mechi Faza. Kocha akatangaza: tunaondoka saa mbili asubuhi. Mwenye mashua akamwambia, mwalimu, saa mbili hatupiti mlango wa Mkanda, maji yatakuwa yamepwa, tuondoke baada ya alfajiri. Kocha akasema nidhamu ni nidhamu, ameshatangaza saa mbili. Nahodha wetu wa benchi alikuwepo, na babake ni mvuvi, lakini alinyamaza akiangalia kucha zake. Sote tulinyamaza, kusema kweli. Kuna furaha fulani ya kumwacha mtu mgeni apigwe na bahari.

Mashua ikakwama Mkanda, katikati ya mikoko kulia na mikoko kushoto. Tukashuka. Tope magotini, viatu vya mpira tumevining'iniza shingoni, tunasukuma, chombo hakiendi. Kocha naye akashuka, suruali ya suti imekunjwa, ile bahasha ya kaki kaiweka kichwani. Tulikaa pale mpaka maji yakaanza kujaa. Tukafika Faza baada ya alasiri, watu wa uwanjani wameshaanza kwenda zao. Mechi ikachezwa nusu nusu ili tuiwahi maghribi. Tukafungwa mabao manne. La tatu nilitoka golini kama nilivyofundishwa, mpira ukanipita juu, nikaugeukia kuusindikiza kwa macho.

Hili ndilo nililotaka kulisema. Keshoye jioni kocha alikwenda nyumbani kwa yule nahodha aliyemweka benchi. Mimi nilikuwa hapo, tunacheza karata barazani. Akasalimia, akaketi, akatoa daftari, akasema, "Nifundishe maji." Wakakaa mpaka isha: bamvua ni siku gani za mwezi, maji mafu siku gani, yakijaa saa fulani leo kesho yanachelewa kiasi gani. Kocha anaandika, anauliza, anafuta. Tangu siku ile saa ya kuondoka anaipanga nahodha, kocha anaitangaza.

Na benchi? Aliendelea kukaa benchi.

Mpwani Nairobi:
Aliendelea kukaa?! Mimi ningempa saa za uongo.

Kipa wa Zamani:
Aliwahi kufikiria. Ila naye angekuwa ndani ya chombo hicho hicho.

Kijana wa Mokowe:
Niongeze la CHAN, Agosti 2025. Kwa wasiofuatilia, CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu, kwa hiyo Benni hakuwa na Olunga wala nani. Tikiti zilinunuliwa mtandaoni, nikaikamata ya mechi ya Morocco. Nilipanda basi hapa Mokowe, Gamba, Malindi, Mombasa, nikaunganisha usiku mpaka Nairobi. Nilifika Kasarani miguu imevimba kama boflo. Ryan Ogam akafunga kabla ya mapumziko, kisha tukala kadi nyekundu, vijana wakacheza kipindi cha pili kizima wakiwa kumi. Sijaona kipindi kirefu kama kile. Jirani yangu, mama mtu mzima simjui, alinishika mkono dakika ya sabini hakuuachia mpaka filimbi ya mwisho. 1-0, na hao Morocco ndio waliokuja kulichukua kombe.

Robo fainali na Madagascar nilikuwa nimesharudi, nikaitazamia huku. 1-1, penalti 4-3, basi. Niliona afadhali, maana kulia Kasarani halafu upande basi la usiku siyo mchezo.

Malindi Maweni:
Pale kila mchezaji aliahidiwa shilingi milioni moja kwa kila ushindi. Ghost 2004 angekuwa na ahadi hizo tungefika nusu fainali 😂

Babu wa Pate:
Au wangegombana kwenye basi.

Bi Mkubwa wa Mkomani:
Mtu wa Langoni, hujatueleza la Novemba. Senegal. Au lile huli?

Mtu wa Langoni:
Mechi ya kirafiki ile, mamangu. Urafiki haufukuliwi.

Viti Thelathini:
Mimi ndiye mwenye banda. Nimesoma yote kimya kimya, ila sasa naona lazima niseme.

Kwanza, usiku wa Gambia hamkuwa kumi na wanne. Mlikuwa kumi na saba. Watatu hawakulipa hata hiyo nusu bei, na aliyeanzisha mazungumzo haya ni mmoja wao.

Pili, CHAN nilitoza bei kamili kuanzia mechi ya Zambia, na hakuna aliyenung'unika. Viti vilijaa, wengine wakakaa juu ya makreti ya soda, yule mzee wa Bajaber akaja na mto wake kutoka nyumbani. Nikanunua jenereta mpya kwa pesa ile. Nikaandika kabisa ukutani kwa chaki: STARS BEI MOJA.

Tatu, hiyo Novemba, Antalya, Senegal 8-0. Wengi wenu mwajua matokeo kwa kusikia tu, kwa sababu la tano lilipoingia niliwaambia stima imepotea na jenereta imekataa. Mkaenda makwenu mnawalaani watu wa umeme. Haikupotea. Taa ya msikiti ilikuwa inawaka hapo nje na hakuna aliyeitazama. Nilizima mimi. Mliponiachia banda nikafuta chaki ukutani, nikawasha tena, nikatazama hayo matatu yaliyobaki peke yangu.

Mechi ijayo ni nusu bei. Langoni, wewe lete na deni.