Mtemi kafa, mjukuu na baba mdogo wanagombea kiti: naombeni ushauri, simulizi yangu imekwama

BintiMindu:
Habari za jioni wanajukwaa. Naandika simulizi ya ufalme wa kubuni, unaitwa Umbelo. Natuma vipande kwenye grupu la WhatsApp na wasomaji wanalipia. Sasa nimefika pagumu. Mtemi Sangali amefariki. Mwanawe wa kwanza, Mgaya, alishatangulia, alizama mtoni. Mgaya ameacha kijana wa miaka 14, anaitwa Ngwita. Mtoto wa pili wa mtemi, Lwembe, yupo hai, mtu mzima, kapigana vita. Sheria ya Umbelo niliyoiweka tangu mwanzo inasema kiti huenda kwa "mkubwa wa nyumba kubwa".

Nani akae? Ngwita au Lwembe? Nimekwama kweli, wasomaji wananiulizia kipande kila siku na usingizi umeanza kunipaa. Nataka jibu litakalosimama, maana kwenye grupu wapo wanaojua historia za tawala zetu na hawaniachii nikikosea. Msinipe majibu ya kwenye sinema tafadhali.

Kibiriti:
Lwembe akae. Ngwita hata kitambulisho cha taifa hajapata.

Mama Pendo:
Mwanangu, mtoto yatima asinyang'anywe. Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Mume wangu hajamaliza arobaini, shemeji zangu walikuja na daftari. Wakaandika kochi, wakaandika friji, wakafungua kabati la vyombo wakaanza kuhesabu sufuria, na mimi nimekaa mkekani na kanga ya msiba. Mkubwa wao alikuwa anasoma kwa sauti, mdogo anaandika. Mwanangu wa kwanza wakati huo yuko darasa la sita. Leo ni mwanaume mzima, na bado akisikia mtu anahesabu vyombo anatoka nje. Mpe Ngwita kiti chake.

Ustadh wa Mtaa:
Pole sana Mama Pendo. Ila tusichanganye huruma na sheria. Kwenye mirathi ya Kiislamu, mtoto wa kiume wa marehemu akiwepo, mjukuu huzuiwa. Ami yake ndiye anayerithi. Babu akitaka mjukuu apate kitu, amwandikie wasia, nao usizidi theluthi. Kwa hesabu hiyo Lwembe ndiye.

Kibiriti:
Ustadh, Umbelo wana msikiti kweli?

Ustadh wa Mtaa:
Nimejibu nilichokisoma. Mwenye simulizi ataamua.

Mzee wa Soni:
Binti, swali lako lilishaulizwa huku kwetu Usambara, na halikujibiwa kwa maneno.

Kimweri ye Nyumbai alitawala milima hii yote, na mkono wake ulifika hadi pwani. Makao yake yalikuwa Vugha. Mwanawe aliyetarajiwa kurithi, Mshuza, alikufa kabla ya baba, kama huyo Mgaya wako. Kimweri alipofariki mwaka 1862, aliyewekwa Vugha ni mjukuu, Shekulwavu, mtoto wa Mshuza. Kwa utaratibu hapakuwa na kosa. Sasa angalia hali ilivyokuwa. Watoto wa Kimweri walikuwa wamegawiwa maeneo, kila mmoja ni chifu mwenye watu wake. Mzee alipokuwa hai walimtii kwa sababu ni baba. Alipoondoka, wanaambiwa wampigie magoti mtoto wa kaka yao.

Mmoja wao, Semboja, alikuwa chini tambarare, Mazinde, kwenye njia ya misafara. Misafara inataka pembe, na inaleta bunduki na baruti. Juu mlimani kuna heshima na matambiko ya mvua, chini kuna silaha. Semboja akamfukuza mjukuu kutoka Vugha. Na usikose hili: hakupanda kukaa yeye. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, halafu akabaki Mazinde na biashara yake. Wabondei walipoona Wakilindi, yaani ukoo huo wa Kimweri, wanapigana wenyewe kwa wenyewe, nao wakawatimua kwao.

Kwa hiyo ukiniuliza nani arithi, nitakujibu mjukuu. Ukiniuliza nani atatawala, nitakuuliza bunduki ziko kwa nani.

Mswahili wa Ruwi:
Mzee wa Soni, heshima yako. Nami niongeze la huku Muscat, Oman, maana ni swali hilo hilo na hapa limeandikwa. Sheria ya Msingi ya 1996 ya Sultan Qaboos ilisema kiti kikiwa wazi, familia ikutane ndani ya siku tatu imchague mrithi. Wasipoafikiana, ifunguliwe barua aliyoiacha sultani. Qaboos hakuwa na mtoto. Alipofariki Januari 2020, familia ilikubali barua ifunguliwe, na jina lililokutwa ndani ni la binamu yake, Haitham bin Tariq. Mwaka uliofuata, 2021, Sultan Haitham akatoa sheria mpya: kiti ni cha mtoto mkubwa wa kiume wa sultani, na mtoto huyo akifa kabla ya kurithi, kinakwenda kwa mwanawe mkubwa, hata kama marehemu ana ndugu. Ngwita anampita Lwembe mchana kweupe.

Na ukoo huu ndio ule wa Unguja, wa Seyyid Said bin Sultan. Yeye alifia baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Oman, na wanawe wakagombana mpaka dola ikakatwa mbili: Thuwaini Oman, Majid Unguja. Mwaka 1861 ikaamuliwa Unguja iilipe Oman riali 40,000 kila mwaka. Waliojifunza kwa njia ngumu ndio leo wanaandika kila kitu.

BintiMindu:
Asanteni sana, nimefurahi mno. Mzee wa Soni, Mazinde naisoma mara ya pili sasa. Kwa hiyo wengi mnasema Ngwita. Na mimi moyo wangu ulikuwa huko.

Hakimu wa Jioni:
Subiri kwanza. Umesema "mkubwa wa nyumba kubwa". Nyumba kubwa ni ya mke mkubwa. Mama yake Ngwita yuko wapi? Umemtaja babu, baba, baba mdogo na mtoto. Huyu mama hujamgusa kabisa.

BintiMindu:
Yupo. Anaitwa Nyamizi. Sikuona kama anahusika kwenye swali.

Hakimu wa Jioni:
Yupo wapi, kwa nani? Mjane wa mrithi wa kiti hawezi kuwa "yupo" tu.

Mwenyeji wa Kampala:
Hakimu kagusa penyewe. Mimi nimekaa Uganda miaka mingi. Kwa Waganda mtoto yeyote hufuata ukoo wa baba, lakini mtoto wa Kabaka, mfalme wao, hufuata ukoo wa mama yake. Ndiyo maana kila ukoo ulitaka binti yake aingie ikulu, akizaa mfalme na wao wamepanda. Tena mtoto wa kiume wa kwanza, ambaye huitwa Kiweewa, kwa mila harithi kiti. Mwaka 1888 walipomwondoa Kabaka Mwanga wakamweka Kiweewa mwenyewe, kinyume cha desturi, na hakumaliza mwaka. Mama ndiye mzizi wa jambo. Tuambie habari za Nyamizi.

BintiMindu:
Sikutaka kusema kwa sababu humu wapo wasomaji wangu na kipande bado hakijatoka. Haya. Mgaya alipokufa, Lwembe alimrithi mjane. Nyamizi sasa ni mke wa Lwembe, na ana mimba.

Kibiriti:
Mama yangu!!! Na ulitaka tukushauri bila hilo?

Hakimu wa Jioni:
Basi swali lako la mwanzo limekufa. Lwembe hayuko nje ya nyumba kubwa tena. Ameingia kwa mlango wa ndoa. Leo wazee wakikaa, atasema "mkubwa wa nyumba kubwa ni mimi, na Ngwita ni mwanangu wa kulea". Neno la sheria yako linamruhusu. Halafu tumboni kuna mtoto wa tatu mwenye madai. Akizaliwa wa kiume, anahesabiwa wa Lwembe au wa marehemu Mgaya? Zipo mila ambazo mtoto wa mjane aliyerithiwa anaitwa kwa jina la marehemu. Umbelo mnasemaje?

BintiMindu:
Naelewa, lakini sitaki Lwembe akae. Wasomaji wanampenda Ngwita, nikimnyima kiti watanihama. Na kusema kweli kipande kinachofuata nimeshakiandika, bado kukituma tu. Lwembe anawekewa sumu kwenye pombe ya msiba, Ngwita anatawazwa. Naona kinapendeza. Nyamizi anabaki huru.

Mzee wa Soni:
Hapana binti. Sumu inakukimbiza swali. Ukimuua Lwembe, hutajua kamwe sheria yako ingefanya nini mbele ya mtu mwenye nguvu.

Mama Pendo:
Mimi nasema afe.

BintiMindu:
Mzee wangu, si kukimbia. Mtu kama Lwembe hawezi kuachwa akaishi jirani na mtoto. Mwenyewe umesema Semboja alimfukuza mjukuu.

Fundi Saa:
Nimesoma uzi wote kimya, sasa niseme. Hakuna simulizi hapa. Babu kafariki. Mtoto wa kwanza alitangulia. Baba mdogo kamchukua mjane, mjane ana mimba, kijana wa marehemu yuko njia panda. Mleta uzi halali usingizi, anataka jibu "litakalosimama", lisimame wapi? Barazani kwa mtemi wa kubuni? Hii ni kesi ya mirathi, shamba au nyumba ya babu, na kiti ni jina la kutufunika macho. Na hiyo sumu imenitisha. Dada, kama kuna mtu mnapanga kumdhuru, acheni, nendeni mahakama ya mwanzo.

Kibiriti:
Duh. Hata mimi naanza kuona. Umbelo, Umbelo... mbona nimetafuta mtandaoni sioni hata kipande kimoja?

Ustadh wa Mtaa:
Ndiyo maana nilianza na mirathi. Kama ni jambo la kweli, lete majina ya warithi na aina za mali, tusaidiane kwa heri.

Mama Pendo:
Jamani mwacheni mtoto wa watu. Hata kama ni ya kwake, kaja kuomba ushauri.

BintiMindu:
Fundi Saa, nimekusoma na nimeumia. Hakuna mtu anayepangiwa chochote. Babu zangu wote walikufa kabla sijazaliwa na hawakuacha nyumba ya kugombewa. Mtandaoni huoni kwa sababu inauzwa ndani ya grupu, ndiyo inayonilipia kodi. Naweka hapa sehemu ya kipande ambacho wasomaji wangu bado hawajakiona, wanisamehe:

"Lwembe alivua viatu mlangoni kwa mjane wa kaka yake, akaviweka pale pale Mgaya alipozoea kuviweka vyake. Nyamizi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa. 'Hapo huwekwa viatu vya mwanangu,' alisema. Lwembe akavisogeza pembeni kwa mguu, akaingia. Nyamizi aliokota punje moja iliyotobolewa na wadudu, akaigeuza vidoleni, akairudisha kwenye maharage mazima."

Mwenyeji wa Kampala:
Huyu ni mwandishi. Anayetafuta hoja za kesi haandiki punje ya maharage.

Fundi Saa:
Kipande kimenishika, sikatai. Bado nasema kuna mtu wa kweli nyuma ya Nyamizi. Lakini la sumu nimelifuta moyoni. Samahani dada.

BintiMindu:
Nyuma ya Nyamizi wapo wanawake wengi. Mmoja wao ameandika kuhusu daftari hapo juu. Yamekwisha, Fundi Saa. Turudi Umbelo tafadhali, nina wasomaji wanasubiri.

Jirani wa Nyanza:
Turudi. Wote mnauliza nani arithi, mimi nauliza nani atangaze. Rwanda walikuwepo abiru, watunza siri za ufalme. Mfalme Mutara Rudahigwa alifariki ghafla Julai 1959, Usumbura, Bujumbura ya leo, na hakuwa na mtoto. Siku ya mazishi, Mwima, umati umesimama, wakubwa wa Kibelgiji nao wapo. Abiru wakatangaza hapo hapo makaburini kwamba mfalme ni Ndahindurwa, ndugu yake kwa baba, na jina lake la ufalme ni Kigeli. Wabelgiji hawakuwa wameulizwa. Jina likishatamkwa na mwenye haki ya kulitamka, mbele ya watu wote, kulirudisha ni kazi. Umbelo nani ana haki hiyo?

Mswahili wa Ruwi:
Na kinyume chake ni Khalid bin Barghash, Unguja, Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini amekufa, siku hiyo hiyo Khalid yuko ndani ya jumba la mfalme, kajitangaza. Waingereza, ambao walijiona ndio wenye kauli ya mwisho, wakampa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Mizinga ilipoanza, haikupita hata saa nzima, Khalid akakimbilia kwa balozi wa Wajerumani, wakamweka Hamoud bin Mohammed. Alikuwa na jumba, alikuwa na watu, idhini hana.

BintiMindu:
Jirani wa Nyanza, umenifungua. Umbelo kuna mlinzi wa ngoma, mzee Kihumbi. Nilimweka kipande cha sita na sikumtumia tena. Yeye ndiye aliyekuwa anatamka majina ya watoto wa nyumba kubwa wakizaliwa. Basi atatamka la Ngwita kaburini, kabla Lwembe hajafungua mdomo. Sumu naitoa. Lwembe atashuka mtoni, kwenye gulio la wafanyabiashara, na Nyamizi atakataa kushuka naye.

Hakimu wa Jioni:
Na mimba?

BintiMindu:
Nimekifungua tena kipande cha sita sasa hivi. Kihumbi anasema "tumbo la mjane huita jina la aliyelala". Kwa mila ya Umbelo mtoto ni wa Mgaya. Ni mdogo wake Ngwita, kamili.

Hakimu wa Jioni:
Lwembe hatakubali. Atasema damu ni yake. Ngwita akifa bila mtoto, huyo mdogo ndiye mrithi, na atakuja kumdai akiwa na wenye bunduki.

BintiMindu:
Ndiyo, na aje. Hapo nina vipande vingi mbele yangu. Mzee wa Soni, naomba nikutumie ujumbe wa faragha, nataka kuelewa vizuri Mazinde, baruti ilikuwa inabadilishwa na nini na watu wa mlimani waliipataje.

Mzee wa Soni:
Karibu binti. Nitumie na kipande cha mazishi nikisome kabla hujakituma.