Nimetengeneza kikaushio cha dagaa nikiwa chuoni. Msimamizi anataka tuchapishe, kampuni inataka michoro. Nianzie wapi?

Kijana wa Igombe

Wakuu, habari za jioni. Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi, chuo naomba nisikitaje. Kwetu ni Igombe, na anayeijua Igombe anajua dagaa wanavyoanikwa mchangani. Mvua ikinyesha mchana mmoja, mtaji wa mtu umekwisha, wanabaki kuwa chakula cha kuku.

Basi utafiti wangu ukawa kikaushio. Vya jua vipo vingi, sijadai kugundua jua. Kipya kwenye changu ni kimlango cha hewa kinachojifunga chenyewe unyevu ukizidi na kujifungua ukipungua, bila umeme wala betri. Kinavyofanya kazi ni hivi: *(maelezo nimeyafuta, sababu mtaiona hapo chini)*

Nimekijaribu masika yote kwa mama zangu wadogo wawili na kimefanya kazi. Sasa ndipo mambo yalipoanza. Msimamizi wangu ameshapeleka muhtasari kwenye kongamano la mwezi ujao, jina lake la kwanza, langu la pili. Kampuni moja ya Dar imenitumia ujumbe WhatsApp, wanataka michoro yote "kwa ajili ya tathmini". Chuo nacho kinataka nikipeleke Nanenane, Nyamhongolo pale, wageni wakione.

Kila mtu ananipongeza lakini usiku silali. Hiki kitu ni cha nani?

Mzee wa Kirumba

Kijana, kabla hujasoma jibu lolote rudi juu ufute aya ya pili. Ndiyo, hiyo uliyoeleza kimlango kinavyofanya kazi. FUTA. Halafu urudi tuzungumze.

Kijana wa Igombe

Nimefuta mzee. Nimekosea nini?

Mzee wa Kirumba

Umeuanika uvumbuzi wako mchangani kama dagaa, na mawingu yameshatanda.

Nimefundisha vyuoni miaka mingi, sasa nimestaafu. Hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako, hutolewa kwa kitu kipya, na kipya maana yake hakijawekwa hadharani popote duniani kabla ya siku uliyowasilisha ombi. Hadharani si jarida la Ulaya peke yake. Bango la kongamano ni hadharani, tasnifu iliyowekwa maktaba ni hadharani, banda la Nanenane ambako mtu yeyote anafungua mlango na kuchungulia ni hadharani. Na uzi huu pia. Wengi hudhani mwizi wao ni jirani, kumbe wamejiibia wenyewe kwa mdomo.

Zipo nchi zinazompa mvumbuzi muda wa kujirekebisha. Marekani ni mwaka mmoja. Ulaya wao hawana huruma hiyo. Usijenge nyumba juu ya msamaha.

Kibuyu Kikavu

Mnamtisha mtoto wa watu. Hataza Bongo ya nini? Fundi welda akikiona kwa dakika kumi kesho yake anavyo vitatu barabarani. Utamshtaki kwa hela gani? Uza mapema, chukua chako, maliza shule.

Wakili Mdogo

Kibuyu, kwa fundi welda nakubaliana nawe nusu. Lakini huyu hajafuatwa na fundi welda, amefuatwa na kampuni. Kampuni ikipata michoro bila karatasi inaweza kwenda kuwasilisha ombi kwa jina lake, halafu mvumbuzi ndiye aanze kuhangaika na ushahidi. Na mnunuzi makini swali lake la kwanza ni "unamiliki nini?" Huwezi kuuza usichoweza kukionyesha kwenye karatasi.

Kijana, tenganisha mambo mawili. Kuna MVUMBUZI na kuna MMILIKI. Mvumbuzi ni aliyetoa wazo lililotatua tatizo, na jina lake linastahili kuandikwa hata kama mali si yake. Mmiliki ni suala la mkataba na sheria. Kwa Tanzania Bara sheria ya hataza ni ya mwaka 1987, na msingi wake ni kwamba haki ni ya mvumbuzi. Lakini mfanyakazi akivumbua katika kazi aliyoajiriwa kuifanya, haki inakwenda kwa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Wewe ni mwanafunzi tu, au una ajira hapo? Nani alilipia vifaa? Ulisaini nini siku ya usajili? Tafuta fomu ya kujiunga, barua ya ufadhili na sera ya miliki ubunifu ya chuo chako. Sera hizo ndizo husema pia mapato yakija mvumbuzi anapata fungu gani.

Usidharau maneno madogo kwenye hizo karatasi. Chuo kikuu cha Stanford kilipoteza kesi ya umiliki wa hataza mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2011 dhidi ya kampuni ya dawa ya Roche. Mtafiti wake alikuwa amesaini chuoni kwamba "anakubali kukabidhi" haki zake, maana yake siku za usoni. Baadaye akaenda kujifunza mbinu kwenye kampuni nyingine, ambayo haki zake Roche walikuja kuzinunua, akasaini fomu ya mgeni iliyosema "anakabidhi" hapo hapo. Fomu ya mgeni ikaishinda ya mwajiri! Kwa hiyo hao jamaa wa Dar wakikualika "uje tu utembelee kiwanda", soma unachosaini getini.

Otieno wa Kisumu

Niaje ndugu zangu wa ng'ambo ya ziwa. Sisi huku omena pia zinatusumbua hivyo hivyo, so hiyo mashine ikitoka nitafute.

Lakini nikupe story ya hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na Oxford kutafuta chanjo ya UKIMWI, na msingi wa hiyo kazi ulikuwa akina mama wa Majengo, Nairobi, waliokuwa hawaambukizwi. Mwaka wa 2000 ikajulikana kwamba Waingereza walikuwa wamepeleka ombi la hataza bila kuwahusisha wenzao wa Nairobi. Kukawa na kelele magazetini mpaka wakakubaliana wamiliki pamoja. Chanjo yenyewe haikufua dafu kwa majaribio, lakini vyuo vya huku vilijifunza kuandika mambo mapema, wakati bado watu wanapendana.

Kijana wa Igombe

Asanteni sana. Nimepekua karatasi zangu zote leo.

Si mwajiriwa. Fomu ya usajili ina sentensi moja inasema matokeo ya utafiti uliotumia rasilimali za chuo ni ya chuo "kwa mujibu wa sera". Sera nimeambiwa ipo ofisi ya utafiti. Vifaa vingine nililipia mwenyewe, maabara ni ya chuo. Mwaka jana niliweka bango kwenye korido ya idara, ila lilikuwa na picha ya nje tu.

Kuna jambo jingine. Ile malighafi inayofanya kimlango kijifunge hakuniambia msimamizi, wala si mimi niliyeiwaza. Ni fundi wa maabara. Nilikuwa nimehangaika miezi minne na vyuma, akapita akaniambia "mbona usitumie kitu fulani, kwetu tunakijua kinavyokakamaa kwenye unyevu." Msimamizi yeye alinirekebishia hesabu na kunitafutia fedha. Kwenye muhtasari wa kongamano fundi hayumo. Na kusema kweli, hata mimi kwenye rasimu yangu sikumweka.

Wakili Mdogo

Hapo sasa umesema jambo. Fundi ni mvumbuzi mwenzako. Cheo hakiangaliwi, inaangaliwa akili ya nani imo kwenye kile kinachodaiwa kuwa kipya. Aliyetafuta fedha au kusimamia tu, bila kuchangia wazo lenyewe, kwa kawaida si mvumbuzi, hata akiwa profesa. Kwenye makala anaweza kuwa mwandishi, hiyo ni hesabu nyingine. Mkimwacha fundi nje, siku ombi litakapopingwa yeye ndiye atakayekuwa shahidi wa upande wa pili. Na fundi ameajiriwa, kwa hiyo mkataba wake nao uangaliwe.

Kibuyu Kikavu

Yaani jamaa kaja hapa analia ataibiwa, kumbe naye kashaiba kidogo 😂

Mzee wa Kirumba

Mwache, amesema mwenyewe. Wengi hawasemi.

Sasa kazi. Nenda ofisi ya utafiti kabla ya kitu kingine, uandike taarifa ya uvumbuzi yenye tarehe, majina yote matatu na nani alifanya nini. Wakati huo huo tafuta kama kuna aliyekutangulia. Patentscope na Espacenet, tovuti za kutafutia hataza za dunia, ni bure, unahitaji bando na uvumilivu tu. Ombi la hataza linawasilishwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Ukigundua ulichonacho ni uboreshaji mdogo, sheria yetu ina cheti cha ngazi ya chini ya hataza ambacho hakihitaji uvumbuzi wa kina kama hataza, ila upya lazima uwepo. Kwa wa Zanzibar mnaosoma, ninyi mna BPRA, wakala wenu wa usajili, na sheria yenu.

Ukishapata tarehe ya kuwasilisha una miezi 12 ya kupeleka ombi nchi nyingine ukitumia tarehe hiyo hiyo. Kuna ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, ombi moja unachagua nchi wanachama, Kenya na Uganda zimo. Congo-Kinshasa haimo, na dagaa wetu wengi ndiko wanakoliwa, kwa hiyo lifikirie hilo mapema. Kuna na njia ya PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, ambayo Tanzania imo tangu 1999, na waombaji wa nchi kama yetu hupunguziwa asilimia 90 ya ada ya kimataifa. Madai ya hataza, yaani sentensi zinazosema ni nini hasa kinacholindwa, usiandike mwenyewe. Nimeona uvumbuzi mzuri ukifa kwa sentensi moja iliyoandikwa nyembamba mno.

Kuhusu Prof, usiende kwake kama polisi. Makala na hataza hazigombani, kinachogomba ni mpangilio. Mwambie habari ya Cohen na Boyer wa California. Walichapisha mbinu yao ya kuunganisha vinasaba Novemba 1973. Stanford ikawasilisha ombi Novemba 1974, wiki moja tu kabla mwaka wa msamaha haujaisha. Marekani wakavuna zaidi ya dola milioni 200. Nje ya Marekani hawakupata hataza, kwa sababu makala ilikuwa imeshatoka.

Da Rehema

Mimi si msomi, nauza mashine za kukamua mafuta ya alizeti. Hao wa Dar wakitaka tathmini wape matokeo: kilo ngapi mbichi zimeingia, ngapi kavu zimetoka, saa ngapi, mvua ilikuwepo au haikuwepo. Waje Igombe waone dagaa, sanduku limefungwa kufuli. Michoro wapate baada ya kusaini mkataba wa kutunza siri, na asaini mwenye mamlaka, si kijana wa masoko. Mnunuzi wa kweli hakimbii kalamu.

Kijana wa Igombe

Mrejesho, wakuu. Nimekaa na Prof. Mwanzo alinuna, nilipomtajia wiki moja ya Stanford akacheka. Tatizo ni kwamba kitabu cha mihtasari kinatoka wiki mbili KABLA ya kongamano, hilo sikulijua. Ameandika leo kuomba tubadilishe muhtasari ubaki na matokeo ya ukaushaji tu, kimlango kisitajwe. Tunasubiri waandaaji. Nanenane tutapeleka picha na dagaa wa kuonja. Kampuni nimewaandikia kama alivyosema Da Rehema, wamesoma, hawajajibu.

Fundi nimemfuata maabara, nikamwambia jina lake linaingia. Alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza, "Na hiyo hataza inalipa lini?" Sikuwa na jibu.

Da Rehema

Mwambie ukweli kwamba inaweza isilipe. Halafu mchukulie jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, msije mkalikosea.